Kichupo kipi kiko wazi?

Komponenti ya vichupo, yaani kipande cha ukurasa chenye safu ya majina ambapo ukibofya moja sehemu yake ya maudhui (paneli) hufunguka, huonekana kazi ndogo. Mistari michache ya HTML, CSS ya kupiga mstari chini ya jina lililochaguliwa, JavaScript ya kuficha paneli moja na kufunua nyingine, basi. Mwandishi wa programu mwenye uzoefu huimaliza asubuhi moja. Mimi nimeitunza moja kwa miaka, ikitumiwa na timu ambazo nyingine sijawahi kukutana nazo, na hadi leo naihesabu miongoni mwa vipande vigumu kuliko vyote katika maktaba yetu ya komponenti. Kuficha na kufunua hakuna shida. Shida ni swali ambalo komponenti hii hulijibu muda wote: kichupo kipi kiko wazi?

Wanaouliza ni wengi, na wanauliza kwa pamoja. Jicho linatafuta mstari na rangi. Kidole kilicho kwenye kibodi kinataka kujua mshale utaanzia wapi. Programu ya kusoma skrini, iwe NVDA au VoiceOver, inataka kumtamkia msikilizaji jina la kichupo, nafasi yake katika safu, na kama kimechaguliwa. Anwani ya ukurasa inaulizwa swali hilohilo mtu anapoinakili na kumtumia mwenzake. Fomu iliyogawanywa katika paneli nayo inauliza, na hata printa inauliza. Ukichunguza hitilafu za vichupo utakuta nyingi zina asili moja: wawili kati ya hao wamepewa majibu tofauti. Jicho limeambiwa kichupo cha Vipimo kiko wazi, sikio limeambiwa ni cha Maelezo. Kwa hiyo kazi yangu kubwa, wakati wa kujenga na miaka yote ya kutunza, imekuwa kuhakikisha jibu linatoka mahali pamoja.

Kabla ya kuandika chochote, kuna jambo la kuulizana na msanifu: hivi ni vichupo kweli? Safu ya majina yenye mstari chini ya mojawapo huchorwa kwa namna moja, lakini nyuma ya mchoro huo kunaweza kuwa na vitu viwili. Kuna paneli kadhaa za ukurasa mmoja, zinazoonekana moja moja. Na kuna menyu ya viungo, ambapo kila jina linampeleka mtu ukurasa mwingine. Duka la Amazon lilipokuwa likikua mwishoni mwa miaka ya 1990, safu ya vichupo juu ya ukurasa wake iliongezeka kadiri aina za bidhaa zilivyoongezeka, mpaka kufikia mwaka 2000 ikabidi ipangwe kwa mistari miwili. Vile vilikuwa viungo vilivyochorwa kama vichupo, na kwa jicho, hilo halina neno.

Kwa kibodi na kwa sikio lina neno. Mtu akiambiwa hapa pana kiungo, anajua anaweza kukifungua kwenye dirisha jipya, kukinakili, na kurudi alikotoka. Anajua pia kwamba kitufe cha Tab kitamtoa kiungo kimoja hadi kingine. Akiambiwa hapa pana kichupo, mkono unakwenda kwenye mishale. Ukiipa menyu ya viungo jina la vichupo, mtumiaji wa NVDA atabonyeza mshale wa kulia na hakuna kitakachotokea, naye hatajua kama kosa ni lake au ni la ukurasa. Menyu ya viungo inatosha kuwekwa ndani ya `nav`, na kiungo cha ukurasa wa sasa kikapewa `aria-current="page"`, sifa inayotangaza kwamba ndio ukurasa wa sasa. Hakuna ombi nililolikataa mara nyingi kama la kuongeza `href`, yaani anwani ya kiungo, kwenye kichupo. Nalikataa kwa upole, nikieleza sababu na kuonyesha menyu ya kutumia badala yake, lakini nalikataa.

Ikishaamuliwa kwamba ni vichupo, HTML yenyewe ni fupi:

```
<div role="tablist" aria-label="Taarifa za bidhaa">
  <button type="button" role="tab" id="k-maelezo" tabindex="0"
    aria-selected="true" aria-controls="p-maelezo">Maelezo</button>
  <button type="button" role="tab" id="k-vipimo" tabindex="-1"
    aria-selected="false" aria-controls="p-vipimo">Vipimo</button>
</div>
<div role="tabpanel" id="p-maelezo"
  aria-labelledby="k-maelezo" tabindex="0">…</div>
<div role="tabpanel" id="p-vipimo"
  aria-labelledby="k-vipimo" tabindex="0" hidden>…</div>
```

Majina haya ya `role` na `aria-` yanatoka kwenye WAI-ARIA, kiwango cha kuiambia programu ya kusoma skrini kila kitu ni nini na kiko katika hali gani, ambacho W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilikipitisha rasmi Machi 2014 na kutoa toleo lake la 1.2 Juni 2023. Hiyo `type="button"` usiiache. Kitufe kisicho nayo, kikiwekwa ndani ya fomu, huituma fomu, na kichupo kinachotuma fomu ya mtu kabla hajamaliza kuijaza ni jambo baya sana kumfanyia.

Kitu ambacho ningependa kila anayejenga vichupo akichukue hapa ni hiki: mwonekano wa kichupo kilichochaguliwa uandike kwa kutegemea `aria-selected`, usitegemee klasi ya pembeni, yaani jina linalowekwa kwa ajili ya CSS tu. Kwenye CSS yetu kuna `[role="tab"][aria-selected="true"]` na hakuna kingine. Komponenti nyingi huwa na klasi ya rangi upande mmoja na sifa ya ARIA upande mwingine, na kodi inatakiwa ikumbuke kubadilisha vyote viwili. Siku itasahau kimoja, na mara nyingi kitakachosahauliwa ni cha sikio, kwa sababu anayekagua mabadiliko anatazama kwa macho. Vikifungwa pamoja, sifa ikikosewa mstari nao unakaa mahali pasipo pake, na kila mtu anauona siku hiyohiyo.

Vitambulisho vya `id` vina matata yake. Kurasa zenye seti mbili za vichupo hukutana na `tab-1` mbili, na paneli ya seti ya pili inatangazwa kwa jina la kichupo cha seti ya kwanza. Jicho halitaona chochote. Kwa wanaotumia React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, toleo la 18 la mwaka 2022 lilileta `useId`, ambayo hutoa kitambulisho kinacholingana kati ya seva na kivinjari. Anayejenga kwa shadow DOM, yaani kipande cha ukurasa kilichotengwa kwa mpaka wake, ajue mapema kwamba `aria-controls` na `aria-labelledby` haziwezi kuelekeza kwenye kitambulisho kilicho upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo kichupo na paneli yake vikae upande mmoja.

Kibodi

Hapa ndipo nimetumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na siujutii.

Utaratibu unaotarajiwa ni kwamba safu nzima ya vichupo ni kituo kimoja. Unabonyeza Tab mara moja, fokasi, yaani mahali kibodi inapofanya kazi kwa wakati huo, inatua kwenye kichupo kilichochaguliwa. Mishale ya kushoto na kulia inakuhamisha ndani ya safu, na ukifika mwisho unazunguka kuanza upya. Home inakupeleka cha kwanza, End cha mwisho. Ukibonyeza Tab tena unatoka kwenye safu na kuingia kwenye paneli. Ndiyo maana kichupo kisichochaguliwa kina `tabindex="-1"`, inayokitoa kwenye njia ya Tab, na ndiyo maana paneli ina `tabindex="0"`, inayoiingiza kwenye njia hiyo, pale inapoanza na maandishi tu, bila kitu cha kubonyeza: bila hiyo, fokasi ingeiruka na kutua kwenye kitu kingine kilicho mbali zaidi, na msikilizaji asingejua kwamba alichokifungua kiko hapohapo chini.

Halafu linakuja jambo la kuamua. Mshale ukihamisha fokasi, je, paneli ifunguke papo hapo, au isubiri mtu abonyeze Enter au kitufe cha nafasi? Mwongozo wa W3C unapendekeza ifunguke papo hapo ikiwa maudhui yake yapo tayari na hayachelewi. Nakubaliana nao. Lakini paneli inayochota data kutoka kwenye seva ni habari nyingine. Mtu anayetoka kichupo cha kwanza kwenda cha tano atatuma maombi matatu asiyoyahitaji, na majibu hayarudi kwa mpangilio yaliyoombwa. Jibu la kichupo cha tatu linaweza kufika baada ya la cha tano na kuandikwa juu yake, na sasa kichwa kinasema Maoni wakati maandishi ni ya Vipimo. Kwa paneli za aina hiyo natumia njia ya kusubiri Enter, na bado kila jibu linalorudi linaulizwa kwanza: kichupo kilichokuomba ndicho kilicho wazi sasa? Kama sicho, linatupwa.

Njia ya kusubiri Enter ina kona moja ambayo watu wachache huifikia. Tuseme Maoni ndicho kilichochaguliwa, nacho ni cha mwisho. Mtu anarudi kwa mshale hadi Maelezo bila kukichagua, kisha anabonyeza Tab. Anatua wapi? Kwa kuwa `tabindex="0"` iko kwenye Maoni, na Maoni iko mbele yake kwenye HTML, atatua kwenye Maoni kwanza, kisha kwenye paneli. Baadhi ya wenzangu walitaka `tabindex` ifuate fokasi ili hatua hiyo iondoke. Ikifuata fokasi, mtu akiondoka na kurudi baadaye kwa Shift na Tab atatua kwenye kichupo ambacho hakikuchaguliwa, wakati paneli iliyo mbele yake ni ya kingine. Nimeshikilia kwamba `tabindex` inafuata uchaguzi. Hatua moja ya ziada inayomkumbusha mtu kichupo kilicho wazi ni bora kuliko kumrudisha mahali ambapo hakuchagua kuwa.

Mishale yenyewe inahitaji adabu. Kwenye lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu na Kiebrania, kichupo kinachofuata kiko kushoto, hivyo mshale wa kushoto ndio unaosonga mbele, na mwelekeo usomwe kutoka kwenye ukurasa wenyewe. Vichupo vilivyopangwa wima vinatumia mishale ya juu na chini, na safu inatangaza hivyo kwa `aria-orientation`. Na kabla ya kuuchukua mshale wowote, angalia kama Alt au kitufe kingine cha kuambatisha kimeshikiliwa. Alt na mshale wa kushoto ni njia ya kurudi ukurasa uliopita kwenye vivinjari vya Windows. Komponenti inayomeza kila mshale inamnyang'anya mtu njia ya kurudi nyumbani.

Anwani

Mtu akifungua kichupo cha Maoni kisha akapakia ukurasa upya, atarajie kukikuta Maoni. Akimtumia mwenzake kiungo, mwenzake aone kilekile. Kwangu hili ni haki ya msingi ya mtumiaji wa wavuti, na komponenti isiyoliwezesha haijakamilika.

Swali ni kuandika anwani kwa `pushState` au kwa `replaceState`. Ya kwanza huongeza hatua kwenye historia ya kivinjari, ya pili hubadilisha hatua iliyopo. Vichupo ni sura mbalimbali za kitu kimoja, kwa hiyo chaguo letu la kawaida ni `replaceState`: mtu aliyepitia vichupo sita akibonyeza kitufe cha kurudi, arudi kwenye orodha alikotoka, asilazimike kupita vichupo vile sita kinyumenyume. Timu zenye paneli zinazokaribia kuwa kurasa kamili zinaweza kuomba `pushState`, na wakiomba nawauliza tena kama hawahitaji viungo.

Kinachoandikwa kwenye anwani kiwe jina, kisiwe namba. `?kichupo=vipimo` itaendelea kuwa kweli mwaka ujao. `?kichupo=2` itakuwa kweli mpaka siku mtu atakapoongeza kichupo katikati, au mpaka ifunguliwe na mtumiaji asiye na ruhusa ya kuona kimojawapo. Sheria hii inafika hadi ndani ya kodi: hali ya komponenti yetu ni jina la kichupo, na hakuna mahali popote panapohifadhi nafasi yake kwa hesabu. Jina lililo kwenye anwani likiwa halipo tena, kinafunguliwa cha kwanza na anwani inasahihishwa, ili isiendelee kutaja kitu ambacho hakiko kwenye skrini.

Sehemu ya fomu isiyoonekana

Kisa kimoja nitakieleza kwa urefu kwa sababu kinaonyesha vizuri namna majibu yanavyopishana. Timu moja iliweka fomu ndefu ndani ya vichupo vitatu: Binafsi, Mawasiliano, Malipo. Watumiaji wao wakaanza kusema kitufe cha Hifadhi kimekufa. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna sehemu iliyogeuka nyekundu, ukibonyeza hakuna kinachosogea.

Ukifungua konsoli ya Chrome, dirisha la ujumbe kwa waandishi wa programu, unakuta maelezo ya mstari mmoja: kuna sehemu ya fomu isiyo sahihi, nayo haiwezi kupokea fokasi. Sehemu hiyo ilikuwa kwenye Malipo, ina `required`, yaani lazima ijazwe, na iko tupu. Mtumiaji yuko kwenye Binafsi. Kivinjari kimekataa kutuma fomu, ambayo ni sahihi, kisha kikataka kumpeleka mtu kwenye sehemu yenye kasoro na kuonyesha ujumbe hapo. Lakini paneli yake ina `hidden`, na kitu kilichofichwa hakipokei fokasi. Kwa hiyo kivinjari kikanyamaza.

Dawa ni tukio (taarifa ambayo kivinjari huipa kodi) linaloitwa `invalid`, ambalo kila sehemu yenye kasoro hulipata kabla kivinjari hakijajaribu kuhamisha fokasi. Tukio hili halipandi juu kama matukio mengine, hivyo ukilisikiliza kwenye kontena kwa njia ya kawaida hutalisikia kamwe. Inabidi ulisikilize kwenye awamu ya kunasa, yaani kwa kuongeza `true` mwishoni mwa `addEventListener`. Ukilipata, tafuta paneli iliyobeba sehemu hiyo na uifungue. Wakati kivinjari kinapofika hatua ya kupeleka fokasi, paneli iko wazi na ujumbe unaonekana mahali pake. Angalizo moja: kama sehemu zenye kasoro ni tano, tukio litakuja mara tano. Ukifungua paneli kila mara, utaishia kwenye ya mwisho wakati kivinjari kinataka kumpeleka mtu kwenye ya kwanza. Fungua kwa lile la kwanza tu, mengine yaache yapite.

Tuliongeza pia idadi ya makosa kwenye jina la kichupo, kwa maandishi ambayo programu ya kusoma skrini huyatamka, ili mtu aliye Binafsi ajue kwamba Malipo kuna mawili yanayomsubiri. Na niliiambia timu ile wazi kwamba fomu yenye mfuatano wa lazima haifai kuwa vichupo. Vichupo vinamwambia mtu aende atakako. Fomu inayotaka Binafsi kabla ya Malipo inamwambia kinyume chake, na hatua zenye vitufe vya kuendelea na kurudi zingemfaa zaidi.

Paneli zilizofichwa zina tabia nyingine za kujua. Chati inayochorwa ndani ya paneli yenye `hidden` hupima upana wake na kupata sifuri, kisha inaonekana kama uzi pale paneli inapofunguliwa, kwa hiyo komponenti itoe taarifa paneli inapoonekana ili chati ijipime upya. Video inaendelea kupiga sauti ukiwa umeshahamia kichupo kingine. Ukiamua kuzifuta paneli kwenye ukurasa badala ya kuzificha, unaokoa kumbukumbu, lakini alichoandika mtu kwenye fomu kinapotea nazo. Sisi huziacha ukurasani baada ya kufunguliwa mara ya kwanza.

Kutafuta neno kwa Ctrl na F nako hakufiki kwenye paneli iliyofichwa. Chrome 102 ya mwaka 2022 ilileta `hidden="until-found"`, inayoruhusu kivinjari kuikuta paneli, kutoa tukio la `beforematch`, na kuifungua. Tukio hilo ndilo la kutumia kuhamisha `aria-selected`, vinginevyo mtu ataona paneli mbili wazi na kichupo kimoja kikidai ni chake. Paneli yenye thamani hiyo bado ina kisanduku, kwa hiyo ukiwa umeipa pengo la ndani au mpaka, patabaki ukanda mtupu. Weka mapengo hayo kwenye kitu kilicho ndani yake.

Kwa printa tumeamua jibu ni paneli zote. Mtu anayechapisha ukurasa wa bidhaa anataka maelezo na vipimo kwa pamoja, na kwenye karatasi hakuna cha kubofya. `@media print` inazifunua zote, inaficha safu ya vichupo, na inaonyesha kichwa kidogo juu ya kila paneli, kwa sababu bila safu ile hakuna tena kinachotaja majina.

Kuhusu mwonekano sina mengi. Mstari unaoteleza kutoka kichupo hadi kichupo unapendeza, lakini ukipimwa kwa JavaScript wakati ukurasa unafunguka, fonti inayochelewa kufika hubadilisha upana wa majina na mstari unabaki chini ya nusu ya jina moja na nusu ya jingine. Nautaka uwe `border` ya kichupo chenyewe. Hilo linasaidia pia watu wanaotumia rangi za lazima za Windows, ambako kivuli cha `box-shadow` huondolewa na rangi za mandharinyuma hubadilishwa, lakini mpaka hubaki. WCAG, mwongozo wa W3C wa ufikivu, yaani wa kuwafaa watu wenye ulemavu, katika toleo la 2.1 la Juni 2018 inataka alama ya namna hiyo iwe na utofauti wa 3:1 dhidi ya kinachoizunguka. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 imeongeza kwamba eneo la kubofya lisipungue pikseli 24 kwa 24, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa humo.

Skrini nyembamba ndiyo inayogombaniwa zaidi. Majina yakishatafsiriwa hurefuka, na saba hayaenei kwenye upana wa pikseli 320. Wasanifu hupenda kitufe cha Zaidi mwishoni mwa safu, chenye menyu ya vilivyobaki. Nimekipinga, na sababu iko kwenye kiwango chenyewe: ndani ya `tablist` kinachoruhusiwa ni vichupo. Menyu ikiingia humo, programu ya kusoma skrini haijui tena vichupo ni vingapi, na kilichochaguliwa kinaweza kuwa kimejificha ndani ya Zaidi. Safu yetu husogezwa kwa kidole, jina la mwisho likiachwa limekatika nusu ili lionyeshe kuna mengine, na kilichochaguliwa huletwa machoni kwa `scrollIntoView` yenye `block: 'nearest'`. Bila hiyo `nearest`, ukurasa mzima unaruka.

Kuitunza

Kujenga kuliisha. Kutunza hakuishi, kwa sababu maombi hayaishi, na kila ombi likitazamwa peke yake lina maana. Alama ya kufunga ndani ya kichupo, kwa mfano. Inaonekana rahisi, lakini kichupo kwa mujibu wa WAI-ARIA hakiwezi kuwa na kitufe ndani yake: vilivyomo huchukuliwa kuwa mapambo tu, na alama ile haitatangazwa kama kitufe. Kwa timu zilizohitaji kweli kufunga vichupo tuliweka kitufe cha Delete cha kibodi, na kitufe cha kufunga ndani ya paneli. Hapo likazuka jingine: kichupo chenye fokasi kikiondolewa, fokasi inaangukia `body`, na mtu wa kibodi anarudishwa mwanzo wa ukurasa. Kwa hiyo kabla ya kukiondoa, fokasi na uchaguzi vinahamia kwa jirani wa kulia, asipokuwepo wa kushoto.

Vichupo ndani ya vichupo ni ombi jingine. Sivipendi, lakini watu watavitengeneza, hivyo nimevilinda. Kodi inayokusanya `[role="tab"]` zote zilizo chini ya kontena itavichukua na vya ndani, na End ya safu ya nje itampeleka mtu kwenye kichupo cha mwisho cha safu ya ndani. Kila kichupo kiulizwe `tablist` iliyo karibu naye ni ipi, na tukio la mshale lishughulikiwe na safu yake tu.

Nina msimamo mkali kuhusu namba za matoleo. Kubadilisha paneli zisubiri Enter wakati zamani zilifunguka papo hapo ni mabadiliko ya toleo kubwa, hata kama hakuna jina hata moja la kodi lililoguswa. Mikono ya watu imezoea. Vivyo hivyo kuhama kutoka `pushState` kwenda `replaceState`. Wanaosoma orodha ya mabadiliko ni waandishi wa programu. Wanaoamka na kukuta kitufe cha kurudi kinafanya kitu kingine ni watumiaji wao, na hao hawana orodha ya kusoma.

Majaribio yetu ya kiotomatiki yanatafuta vitu kwa `role` na jina, yanabonyeza mishale, na baada ya kila hatua yanauliza wote: `aria-selected` iko wapi, paneli ipi haina `hidden`, `tabindex="0"` iko wapi, anwani inasemaje. Yote manne lazima yataje jina moja. Zana za kukagua ufikivu kama axe hugundua `id` iliyorudiwa au `role` iliyokosewa, na tunaziendesha kila mara, lakini haziwezi kujua kama mshale unafanya kazi. Kabla ya toleo lolote naweka kipanya pembeni, nawasha NVDA, nakuza ukurasa hadi asilimia 400, na kupitia mifano yote kwa mkono. Kwenye dirisha la pikseli 1280, asilimia hizo zinakupa upana uleule wa 320.

HTML bado haina elementi ya vichupo. Kilicho karibu ni `details`, ambayo tangu Chrome 120 ya Desemba 2023 inaweza kupewa sifa ya `name`, na zenye jina moja zikawa zinafunguka moja tu kwa wakati. Zinakaa moja chini ya nyingine, hazihitaji JavaScript, na kivinjari kinashughulikia kibodi na sikio chenyewe. Mtu akija kuomba komponenti yetu humwonyesha hizo kwanza, hasa kama wasomaji wake wengi wanatumia simu. Na kama alichonacho ni paneli tatu zenye aya moja moja, namshauri aziache zote wazi, kila moja na kichwa chake.